Mama Mkwe Anaaga Dunia kwa Bitiruti Yangu

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya friji bovu la mteja, huku karakana, maana ndani ya nyumba yangu hakuna pa kukaa, viti vyote vimejaa watu waliokuja kumlilia mama mkwe wangu, ambaye hajafa, na kwa ninavyojua mimi hata haumwi, na anayejua hivyo ni mimi peke yangu, kwa sababu hicho kinachowaliza nakipika mimi, kwa mikono yangu hii, kwenye bati la keki. Nisaidie kabla hujanitukana, au nitukane kwanza halafu unisaidie, utakavyoona wewe.

Mimi ni fundi wa mafriji. Karakana yangu ni gereji ya nyumba tunayoishi, na ndiyo maana mama mkwe alipohamia kwetu baada ya kupasuliwa goti ikapitishwa, bila mimi kuulizwa, kwamba wa kushinda naye ni mimi, kwa kuwa mke wangu ni karani wa mahakama na hutoka asubuhi, na mimi, kwa maneno ya mama mwenyewe, "yupo tu hapo anachezea nyaya." Mama ni mwalimu mkuu mstaafu. Binti yake alitakiwa aolewe na daktari, au ikishindikana kabisa mhandisi, akaja kuolewa na mtu anayeingia sebuleni na bisibisi mfukoni, na tangu siku hiyo sijaitwa mkwe wala mwanangu wala jina nililopewa na wazazi wangu, naitwa Fundi, na hata huo ufundi siambiwi moja kwa moja, napitishiwa kwa mke wangu. Mezani kwangu, tumekaa bega kwa bega, utamsikia, "Hebu mwambie fundi asogeze hiyo chai." Alikuja na kiti cha marehemu baba mkwe, kile cha mbao chenye mto wa kijani, akakiweka sebuleni kwangu mkabala na televisheni yangu, na siku nilipokikalia aliniangalia tu mpaka nikasimama mwenyewe. Sasa nimezoea kutazama mpira nikiwa nimeegemea mlango.

Mama ana ugonjwa mmoja wa kweli, nao ni keki. Daktari wa zahanati alimpima akasema mafuta kwenye damu yamepanda, apunguze siagi, apunguze vya kukaanga, na hizo keki za kila siku aachane nazo. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, tukatoka, na kabla sijawasha gari akamwuliza mke wangu kama lile duka la keki bado liko pale konani. Mke wangu alijaribu kumkatalia, akakumbushwa aliyembeba tumboni ni nani, akaenda kununua. Hapo ndipo nilipopata akili, au kitu nilichodhani ni akili.

Nilinunua unga wa keki wa boksi, ule ambao wenyewe wameshapima kila kitu na kazi yako ni kuongeza mayai, mafuta na maji kisha ujisifu, na kwenye simu nikamwona dada mmoja mchangamfu kupita kiasi anasema achana na mafuta, weka mboga iliyochemshwa na kusagwa, kipimo kile kile cha mafuta unaweka mboga, hakuna atakayejua, na keki itatoka nyepesi. Nyepesi. Nilichemsha boga, nikalisaga pamoja na maji yake yote, nikalimimina kwenye unga wa vanila, na nilichokitoa kwenye oveni kingeweza kuzuia mlango wa karakana siku ya upepo. Mama alikigonga kwa kijiko, akasikiliza, akamwambia mke wangu, "Mwulize fundi, hii ni keki au ametuletea kipuri?"

Lakini mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kufungua na kufunga tena mpaka kitu kiwake. Nikajifunza kulikamua boga kwenye kitambaa mpaka liache kulia, nikajifunza kwamba karoti isiposagwa ikalainika vizuri inakusaliti kwa rangi, kwamba mayai ukiyatoa yote keki haina wa kuishika, na mwisho nikagundua kwamba kwenye boksi la chokoleti unaweza kuficha chochote duniani kwa sababu giza ni lile lile. Humo nikaweka bitiruti. Na kwa kuwa mama husema mboga ni chakula cha sungura na wagonjwa, na kwa kuwa mke wangu hajui kumficha mama yake hata bei ya sabuni, sikumwambia mtu, bitiruti zangu nikawa nazifungia ndani ya friji bovu huku karakana, maana friji bovu hakuna anayelifungua.

Mama alikula kipande cha kwanza. Akaomba cha pili. Kisha akanigeukia mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, akasema, "Fundi, una mkono mzuri. Siagi hukuionea huruma." Nikajibu, "Asante, mama," na ndani ya keki ile hamkuwa na siagi hata ya kulainishia bawaba. Tangu siku hiyo ikawa keki ya chokoleti kila alasiri, na mimi, kichwa kikiwa kimevimba, nikawa naongeza bitiruti na kupunguza mafuta mpaka mafuta yakaisha kabisa, nikajiona mimi ndiye daktari na yule wa zahanati anabahatisha.

Sasa sikia. Asubuhi moja mama alipiga kelele akiwa msalani, mke wangu akakimbia, nikasikia wananong'ona, kisha mke wangu akatoka uso umemshuka, akaniambia mama ametoka damu kwenye haja ndogo. Mshauri, mimi nilijua hapo hapo. Nilijua kwa sababu yalinikuta mwenyewe nilipokuwa najaribu keki zile, nikasimama msalani natubu dhambi zangu moja baada ya nyingine, nikafika mpaka zile za shuleni, ndipo nikakumbuka nilichokula nikaenda kusoma kwenye simu, nikakuta kuna watu bitiruti inapita ndani yao na rangi yake yote na wala si ugonjwa. Kwa hiyo nilikuwa na jibu mdomoni. Nikaingia chumbani nimeshafungua mdomo, na mama, amelala chali, shuka mpaka kidevuni, akasema, "Njoo karibu. Mleteeni kile kiti cha mzee akae." Nikaletewa kiti. Nikakaa. Akanishika mkono huu wenye grisi akasema, "Nimekuonea sana. Wengine wote walikuwa wananipigia simu tu, wewe ulikuwa unanipikia. Mwanangu, nisamehe."

Nikafunga mdomo. Miaka yote ya ndoa nimelingoja neno hilo, na sasa nimelipata kwa mtu anayeaga, na dawa ya kumzuia asiage ni mimi kusema kwamba nimemlisha mboga kwa siri. Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama." Akafumba macho, akapumzika kidogo, akauliza kama kuna keki.

Ningeacha kumpa keki, mambo yakaisha kimya kimya, ndiyo hesabu niliyopiga. Lakini jirani yetu wa ukuta wa pili akaja kumwona mgonjwa, akasikia anapoteza damu, akasema kwa sauti ya mtu aliyesomea, "Mpeni juisi ya bitiruti. Inaongeza damu." Na kila mtu chumbani akaitikia kwamba kweli, bitiruti inaongeza damu, hilo linajulikana, na mke wangu akaenda sokoni akarudi na mfuko mzima, na sasa mama anakunywa glasi asubuhi na glasi jioni ili kurudisha damu anayopoteza, na kadiri anavyokunywa ndivyo rangi inavyokolea, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo wanavyomwongezea juisi. Jirani anasema ugonjwa umeshindana na dawa. Blenda wanayotumia ni yangu, nilihangaika nayo kuisafisha usionekane wekundu, leo iko juu ya meza imejaa wekundu na hakuna anayeishangaa.

Siku ya kwanza ya juisi mama alionja, akaweka glasi chini, akasema, "Hii ladha naijua." Akaniangalia. Nikaangalia dari. Akasema inanuka udongo, akashika pua akaimaliza, kisha akaomba keki. Nilimpelekea ya vanila yenye boga, nikidhani nitamtoa kwenye ile nyingine pole pole, akala kidogo akaisukuma. "Hii haina nguvu, mwanangu. Niletee ile nyeusi." Hospitali hataki kuisikia, anasema ataingia kwa miguu atoke amebebwa.

Jumapili shemeji yangu mkubwa anakuja kutoka mbali na familia yake yote, na shemeji mdogo amekwisha kufika, wanakuja kusikia wosia, na shemeji mkubwa ameapa kwamba wosia ukiisha tu mama anapelekwa hospitali kubwa apende asipende, na ameshaongea na daktari atakayemwingizia mpira wenye kamera. Mama ameanza kugawa sufuria. Mke wangu ameomba ruhusa kazini na hali chakula. Jana nilimkuta jikoni anamenya bitiruti, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, machozi yanadondokea kwenye bakuli, akaniuliza, "Mama akienda, mimi nitabaki na nani?" nikamshika bega, nikamwambia tumwachie Mungu. Mshauri, nilisema hivyo kweli, huku najua.

Nikisema ukweli sasa, narudi kuwa Fundi, na safari hii nadhani hata hilo la Fundi nitanyang'anywa. Nisiposema, wataingiza kamera. Naomba uniambie kama kuna njia ya katikati, kwa mfano nikasubiri tu mpaka bitiruti ziishe sokoni.

Ni mimi,
Niliyeganda Karakana

*

Fundi uliyeganda,

Pole. Hiyo ndiyo huruma yote niliyokuwekea leo, itumie kwa uangalifu kwa sababu hutaongezewa.

Nakupongeza pia. Nimekaa kwenye safu hii muda mrefu, nimeletewa barua za wanaume wenye nyumba mbili, za wanaume waliopotea kwao wenyewe, za mmoja aliyejificha juu ya dari akisubiri wageni waondoke, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyeanzisha ugonjwa, akasababisha matibabu ya ugonjwa huo, na vyote viwili akavitoa kwenye mboga moja. Hata wale wa hospitali kubwa wanaokuja na kamera wangekuomba uwafundishe. Na juu ya yote umepata kiti.

Ngoja tuanze na huo udaktari wako, maana naona umekupanda. Daktari alisema mafuta, ukatoa mafuta, sawa, ni jambo jema na wengi hawafanyi. Lakini boksi lile, baba, hebu ligeuze usome ubavuni. Sukari iko pale pale, imejaa tele, hukuigusa hata kidogo, na wewe ukawa unampa bibi mwenye goti bovu kila siku ya Mungu kwa sababu ulikuwa unasifiwa. Kipande kimoja mara moja moja, chenye boga au bitiruti badala ya mafuta, hiyo ingekuwa huduma. Bati zima kila alasiri ni kutafuta kura.

Na yule dada wa kwenye simu aliyekuambia hakuna atakayejua, alikuwa anauza kitu. Mimi nimeshapikiwa keki ya maharagwe na mtu anayenipenda, nikajua nikiwa na tonge la kwanza mdomoni, nikaimeza yote nikamwambia ni tamu, kwa sababu nilimwona amesimama mlangoni na kitambaa mkononi ananiangalia kinywa. Watu wanajua. Wanaamua tu la kufanya na kile wanachokijua.

Kwa hiyo turudi kwa mgonjwa wako. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili nilikuwa nacheka, ndipo nikaacha kucheka. Bibi yuko kitandani anachungulia kaburi, lakini bado anachagua keki. Anasema ile ya vanila haina nguvu. Anaonja juisi ya bitiruti, anasema ladha hii naijua, na anakuangalia wewe, si jirani aliyeileta habari ya juisi wala binti yake aliyeisaga. Wewe. Na wewe ukaangalia dari. Fundi, huyu mama aliongoza shule. Maisha yake yote ya kazi alikuwa anasimama mbele ya watoto wenye unga wa maandazi mdomoni wanaoapa kwamba hawajaingia jikoni. Unadhani alikuangalia hivi hivi tu?

Siapi kwamba anajua. Inawezekana anaogopa kweli, na kama anaogopa basi unamtesa mtu mzima kwa ajili ya sifa, na hapo sina utani na wewe. Lakini inawezekana pia kwamba alijua tangu glasi ya kwanza, akapiga hesabu yake kitandani, akaona watoto waliokuwa wanapiga simu tu sasa wanakuja na mizigo yao, sebule imejaa, binti haondoki asubuhi, na mkwe anakuja kila saa na sahani, akasema moyoni kwamba kama hiki ndicho kifo basi hakina haraka. Kwa vyovyote vile, anayeujua ukweli wa bitiruti ni wewe, na uongo wake, kama upo, ataufungua mwenyewe akiona wako umefunguka.

Sasa la mke wako. Hapa nimekukasirikia. Ulimkuta anamenya bitiruti, analia, anakuuliza atabaki na nani, na wewe ukiwa na jibu mfukoni ukamwambia mumwachie Mungu. Umemtwisha Mungu bitiruti zako. Mama mkwe ukimdanganya keki, hilo litakuja kuchekewa siku moja na wajukuu. Lakini kumwacha mkeo aomboleze mtu mzima mwenye hamu ya kula, kwa sababu tu umeitwa jina zuri, hilo hata mimi sijui nikuoshe vipi. Yeye hakukupitishia maneno kwa mtu. Yeye alikuchukua na bisibisi yako mfukoni, mbele ya mama yake, na mpaka leo analipia.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Jumapili wala usingoje bitiruti ziishe sokoni, haziishi, nimeuliza.

Mwite mkeo karakana. Si jikoni, kule kuna masikio. Lifungue lile friji bovu mbele yake, bila hotuba, azione bitiruti zimepangwa, halafu mwambie yote tangu boga la kwanza. Akicheka, shukuru. Akilia, kaa naye. Akikurushia moja, usikwepe, ipokee. Juisi ya jioni isisagwe, na keki nyeusi isipikwe kwanza, na mngoje mwone kama rangi itarudi kawaida.

Kisha mpelekeni mama zahanati kwa yule daktari wake, na wewe ndiye utakayeongea, si mkeo. Utamwambia daktari pembeni, mama asisikie bado, amekula bitiruti kiasi gani na tangu lini. Na apimwe hata hivyo. Usije ukajiambia kwamba kwa kuwa umejua sababu moja basi nyingine haziwezi kuwapo. Wewe ni fundi, unajua friji linaweza kuharibika vitu viwili kwa wakati mmoja. Simu ilisema ni bitiruti, ndiyo, lakini simu ile ile ndiyo iliyokuambia keki itakuwa nyepesi.

Jirani yako mwambie asante kwa ushauri, na asitoe mwingine kwa muda.

Shemeji mkubwa usimzuie kuja. Mpigie umwambie mama hafi, umwambie na sababu, umwache akutukane mpaka salio liishe, halafu umwambie aje hivyo hivyo na familia yake yote, walale sakafuni wakikosa vitanda. Mama amewaita kwa njia aliyoipata. Kama watarudi nyuma kwa sababu hakuna msiba, basi ugonjwa wa nyumba yenu si wa figo na hakuna kamera itakayouona.

Na mama mwenyewe. Hili ndilo uliloniandikia kweli, mengine ulikuwa unayazunguka tu. Usimwambie akiwa amelala, maana aliyelala ni mgonjwa na mgonjwa hasemi anachotaka kusema. Msubiri akae mezani. Oka keki moja ya mwisho, ile nyeusi, ndogo, na pembeni yake uweke sahani ya bitiruti zilizochemshwa, zimekatwa, zinaonekana, hazijafichwa popote. Umsogezee vyote viwili. Umwambie, "Mama, hii ndiyo iliyokuwa siagi." Halafu unyamaze. Wewe unajua kunyamaza, umetuonyesha, lakini safari hii nyamaza ukiwa unamwangalia usoni.

Anaweza kumgeukia mkeo akasema mwambie fundi aondoe hii takataka. Utaiondoa. Anaweza kuanza kukuita majina ambayo hata shuleni kwake yalikuwa yamepigwa marufuku. Utayasikiliza. Kile kiti anaweza kukirudisha mbele ya televisheni, na utarudi kuegemea mlango, ambao umeshauzoea na hauna mto lakini hauna deni.

Najua unachoogopa. Unaogopa kulipoteza lile neno. Umelingoja miaka yote ya ndoa, likaja, likakukuta na mdomo wazi, ukaona bora ulimeze na uongo wake kuliko kulitema. Nakuelewa, na hapa, kinyume na nilivyokuahidi mwanzoni, nakuongezea huruma kidogo. Lakini hebu litazame vizuri. Alimwita mwanangu mtu aliyempikia kwa siagi bila kumwonea choyo. Mtu huyo hayupo kwenye nyumba yenu, hajawahi kuwapo. Mpaka dakika hii, Fundi, anayeitwa mwanangu kwenye nyumba hiyo ni bitiruti. Nenda kaiweke mezani, useme jina lake, kisha ubaki hapo ukiwa na mikono yako ya grisi, uone kama kuna atakayekuita hivyo na wewe.